Betri nne na sauti ya Dar es Salaam ufukweni mwa Nyasa

Mwaka 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya" ilipoendeshwa nchi nzima, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi wakisikiliza Radio Tanzania na kujadili vyoo, maji na malaria. Aliyewasha redio Liuli au Mbamba Bay, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, alikuwa umbali wa kilomita 700 hivi kutoka Dar es Salaam, tena nyuma ya milima ya Umatengo. Sauti ilijazaje chumba kwa betri nne?

Milima si tatizo kubwa. Masafa mafupi hupanda hadi tabaka la ayonosfia na kurudishwa chini, wakati FM hukwama kwenye kilima cha kwanza. Tatizo ni udhaifu. Kinachofika kwenye antena hupimwa kwa mafungu ya volti moja iliyogawanywa mara milioni, ilhali spika ya kusikiwa na kikundi hutaka kama nusu wati.

Wengi husema transista iliyo ndani ya redio hiyo "huongeza" umeme. Haiongezi chochote. Nguvu yote ya spika hutoka kwenye betri. Ishara ya antena huamua tu ipite kiasi gani na lini, kama mkono kwenye koki. Vali, mirija ya kioo iliyotangulia transista, zilikuwa zikifanya kazi hiyo hiyo, lakini zilidai waya wa kupasha moto na betri ya volti 90 hivi. Transista, iliyozaliwa katika maabara ya Bell nchini Marekani mwaka 1947, iliridhika na volti 6.

Chukua transista ya silikoni yenye miguu mitatu: besi, kolekta na emita. Ukipitisha mikroampea 20 kwenye besi, na ukuzaji wake ukiwa mara 100, kolekta itapitisha miliampea 2. Weka rezista ya omu 1,500 kati ya kolekta na betri, nayo itakula volti 3, yaani nusu ya betri zote. Nusu hiyo imekusudiwa. Ishara hupanda na kushuka, na besi haifunguki mpaka ipate volti 0.6 au 0.7. Transista isiyopewa mkondo wa kuanzia hukata upande mmoja wa wimbi. Iliyopewa kupita kiasi hukata ule mwingine. Ikiwa imetulia katikati, mtikisiko wa milivolti 5 kwenye besi hutoka kolekta ukiwa karibu volti 0.6: mara 120, ila umepinduliwa juu chini, jambo ambalo sikio halilitambui.

Kwa hiyo ufundi wenyewe uko kwenye rezista za senti chache zinazoizunguka transista. Rezista hizo hukabili hata hali ya hewa. Mbinga mjini, juu milimani, kuna baridi. Teremka ziwani ukutane na joto. Kila nyuzi moja ya Selsiasi hushusha volti inayohitajika kwenye besi kwa milivolti 2 hivi. Besi ikishikiliwa kwenye volti ileile, nyuzi 10 tu zinaweza kuuzidisha mkondo wa kolekta mara mbili, na redio iliyopigiwa hesabu mlimani ikakoroma ufukweni. Dawa ni rezista ndogo kwenye emita: mkondo ukizidi, volti ya emita hupanda na kuibana besi yenyewe. Kapasita huwekwa sambamba nayo ili ishara isibanwe pia.

Hatua ya mwisho ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Transista moja ya kusukuma spika ingekula betri hata mtangazaji akinyamaza, na dukani kijijini betri si kitu cha kuchezea. Mafundi wakagawa kazi: transista mbili, moja nusu ya juu ya wimbi, nyingine nusu ya chini. Pasipo sauti, zote mbili hunywa kidogo sana.

Jozi hiyo ina udhaifu wake. Betri zikichoka, mkondo wa kuanzia hupungua, na pale transista moja inapompokeza mwenzake panabaki pengo. Sauti ya chini hukwaruza kabla ya ile kubwa kuharibika. Wenye redio hapo hutoa betri na kuzianika juani, na hawakosei: joto huharakisha kemia ya ndani, ukinzani wa betri hupungua, volti haianguki sana spika inapodai. Ila zinki iliyokwisha hairudi, kwa hiyo nafuu hiyo ni ya muda mfupi tu.