Nyimbo Tano za Remmy Ongala na Daraja Zake

Kupanga nyimbo za mwimbaji mmoja kwa daraja ni kazi yenye lawama. Apendaye wimbo huona umetukanwa ukiwekwa wa pili, na asiyeupenda huona umependelewa hata ukiwekwa wa mwisho. Walakini kazi hii yafaa kufanywa, maana mwimbaji anayesifiwa sawasawa kwa kila alichokiimba aghalabu huwa hakusikilizwa.

Ramazani Mtoro Ongala, aliyejulikana na watu wote kwa jina la Remmy, alizaliwa Kindu, Kongo ya mashariki, mwaka 1947. Mwaka 1978 alikuja Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, na baadaye akawa kiongozi wa Super Matimila. Alifariki Desemba 2010. Watu walimwita Sauti ya Mnyonge, naye hakulikataa jina hilo. Basi kipimo cha haki ni jina lenyewe: ni wimbo upi uliomsemea mnyonge vizuri kupita nyingine?

Pa kupimia ni Kariakoo. Jina la mtaa huu lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Ni mtaa uliorithi jina la watu waliobeba mizigo ya wengine, na hata leo wachukuzi hawajaisha katika njia zake. Wimbo usemao kwa niaba ya mnyonge yataka uweze kusimama mbele ya watu hawa.

Wa tano ni “Mrema”, uliotoka katika albamu ya Mambo mwaka 1992. Wakati huo Augustine Mrema alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na jina lake lilikuwa midomoni mwa watu. Ngoma yake yachezeka, lakini wimbo wa mtu mkubwa hukopa umri wa mtu huyo. Mwaka 1995 Mrema alihama chama kilichotawala, akagombea urais kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, akashindwa. Wimbo haukuweza kuhama pamoja naye. Tena, mnyonge anayemngojea mwokozi katika serikali amekabidhi sauti yake kwa mwingine.

Wa nne ni “Muziki Asili Yake Wapi”, wa albamu ya Songs for the Poor Man ya mwaka 1989. Swali hili lina uzito katika mji huu. Mwaka 1969 wakuu wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul, kwa hoja kwamba ni wa kigeni na unawaharibu vijana. Miaka ishirini baadaye, mtu aliyezaliwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mwenye gitaa la umeme na lugha ya Kiswahili, aliuliza muziki umetoka wapi. Kuuliza kwake ni jibu tosha kwa walinzi wa mipaka ya nyimbo. Wimbo una akili na furaha. Ila mnyonge hayumo ndani yake, isipokuwa kama mchezaji.

Wa tatu ni “Mambo kwa Soksi” wa mwaka 1990. Hapa wako watakaonigombeza, kwa kuwa wimbo huu ulihimiza watu watumie mipira ya kujikinga na ukimwi wakati ambapo wengi waliona haya hata kuutaja ugonjwa. Redio ya taifa, ambayo ndiyo iliyosikika bara nzima, ilikataa kuupiga. Ukaenea kwa madansi na kwa kanda. Ustadi wake umo katika neno moja. Tafsida ni ada ya kale ya washairi wetu, nayo kwa kawaida hutumiwa kulifunika jambo. Remmy aliitumia kulifunua: aliposema soksi, kila mtu alielewa, na aliyeelewa hakuweza kujifanya hakusikia. Kwa manufaa, huenda hakuna wimbo wake ulio juu ya huu. Naupunguzia daraja kwa sababu moja tu: ni wasia, na wasia ukisikika umekwisha kazi yake.

Nafasi ya pili naipa “Kifo”, nami najua kwamba wengi wangeuweka mbele. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliukemea moyo wake kwa kuwaonyesha matajiri wa Pate waliokuwa mavumbi na majumba yao yaliyokuwa magofu. Remmy hakuukemea moyo. Alikishitaki kifo chenyewe, kama mtu amshitakivyo jirani asiye na huruma. Ni ujasiri mkubwa, na waliofiwa wameupokea kwa shukrani. Lakini mashitaka haya yana upungufu. Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo, wakafa watu zaidi ya ishirini, na Serikali ikaunda kamati ya kuyachunguza majengo ya mtaa huo. Siku kama hiyo, kulalamika kwamba kifo hakina huruma ni kweli, lakini ni kweli isiyomwuliza mtu yeyote neno. Kifo hakiitwi mbele ya kamati.

Ndiyo maana wa kwanza ni “Mnyonge Hana Haki”, wa albamu ya Nalilia Mwana ya mwaka 1988. Ndani yake jamii imefananishwa na vyombo vya njiani, ambavyo kila kidogo hukipisha kilicho kikubwa kuliko chenyewe. Mfano huu haukutoka kitabuni. Asimamaye katika Mtaa wa Msimbazi atamwona mwenye mkokoteni akimpisha wa bodaboda, na wa bodaboda akiipisha daladala, na mwenye miguu mitupu akiwapisha wote. Nguvu ya wimbo ni kwamba haumpi mnyonge adui mmoja wa kumchukia. Humwonyesha ngazi, na katika ngazi hiyo yule anayeonewa hapa ni mwoneaji pale, kama yuko aliye chini yake. Msikilizaji hawezi kuusikia mpaka mwisho asijiulize yeye mwenyewe hupishwa na nani. Na tofauti na kifo, desturi ya kupishana imewekwa na watu, nao wakitaka wanaweza kuiondoa.

Atakayeupinga mpango huu na aupinge. Namwomba tu alete sababu pamoja na wimbo wake, kwani nyimbo hizi zilitungwa na mtu aliyetaka kujibiwa.