Hukumu, Adhabu na Msamaha

Tangu sheria ya mwaka 2021 ikifanye Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kosa la mfasiri humfikia raia moja kwa moja. Kipimo chetu katika makala haya ni msikilizaji aliye mbali na mahakama: tuseme mama wa Sibwesa, mkoani Katavi, ambaye mwanawe ametiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia.

Aghalabu "hukumu ya kifo" na "adhabu ya kifo" hutumika kana kwamba ni kitu kimoja. Chanzo chafahamika. Kwa miaka mingi Kanuni ya Adhabu ilimpa jaji adhabu moja tu kwa kosa hilo. Hatia ikithibitika, kifo kilifuata chenyewe. Lakini mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi, kwa kuwa unamnyima jaji nafasi ya kupima mazingira ya kosa. Hoja hiyo haielezeki kwa mtu asiyetenganisha kumtia mtu hatiani na kumpa adhabu. Kwa hiyo twashauri hukumu ibaki kuwa uamuzi wa mahakama, na kinachotolewa baada ya hatia kiitwe adhabu.

Neno msamaha lina hatari kubwa zaidi. Tanzania haijamnyonga mtu tangu mwaka 1994. Waliopewa adhabu hiyo hukaa gerezani wakingoja. Mwezi Desemba 2020 Rais aliwabadilishia watu 256 adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Mtangazaji akisema "wamesamehewa", mama yule atafagia ua na kumngoja mwanawe, ilhali mwana hatarudi. Alichopata ni uhai, wala si uhuru.

Wala hatuna haja ya kubuni neno jipya. Ibara ya 45 ya Katiba imekwisha kutenga msamaha na kubadilishiwa adhabu kuwa adhabu tahafifu. Ikiwa "tahafifu" ni zito kwa wengi, "kubadilishiwa adhabu" latosha.

Walimu na watumishi wa serikali hawana budi kuzishika tofauti hizi. Istilahi ikikosewa hapa, anayeumia si mwanasheria. Ni yule anayengoja habari nyumbani.