Pongezi kwa washona kofia za mkono

Kofia ya vito inayokaa sawasawa kichwani haipatikani kwa bahati. Kule Lamu na Unguja, mshonaji hupima kichwa kwanza, juu kidogo ya masikio, kwa kuwa kofia hii haina mpira wa kuivuta. Ikizidi kidogo huteremka hadi kwenye nyusi. Ikipungua huacha alama kwenye paji la uso. Kisha kitambaa cheupe hutobolewa vitundu kwa sindano, na kila kitundu huzungushiwa uzi mpaka kikaze. Kila uzi unaokazwa huvuta kitambaa, kwa hiyo mshonaji hukadiria mapema kofia itapungua kiasi gani. Hilo ndilo gumu kuliko yote, na hakuna anayeliona. Kofia moja huweza kuchukua miezi, na mara nyingi anayeishona ni mwanamke aliyekwisha kumaliza kazi za nyumbani, macho yamechoka. Hata ikifuliwa, hutiwa wanga na kuvikwa kwenye faroma, kifaa chenye umbo la kichwa, ili isinywee.

Siku ya Idi tunasifiwa sisi tulioivaa. Basi ndugu msomaji, ukienda kununua, usimkandamize bei mshonaji. Mlipe miezi yake.