Khofu Haijengi Nchi



Huku Mwamapalala, katika mkoa wa Simiyu, watu hulima pamba na kufuga ng'ombe, na wengi bahari hawajaiona. Siku moja mkulima alinikuta nikisikiliza redioni khabari za bomu, akaniuliza: "Shehe, mambo hayo ya mbali yatuhusu nini sisi wa jembe?" Najua na huko pwani wako wasemao vivyo hivyo, kwamba ugaidi na siasa za nchi za nje ni mambo ya wakubwa. Kauli hiyo si sahihi, na nataka kuonyesha kosa lake.

Nilimjibu kwa pamba yake. Marobota yake hushuka mpaka bandari ya Dar es Salaam, na dizeli na dawa ya wadudu hupandia njia hiyo hiyo. Maharamia wa Kisomali walipokuwa wakiteka meli katika Bahari ya Hindi, khasa baina ya 2008 na 2012, bima za meli zilipanda. Mwenye meli halipi nyongeza hiyo kwa mali yake. Humtwika mfanyabiashara, na mfanyabiashara humtwika mwenye jembe. Mkulima akanyamaza, kisha akasema: "Kumbe nilikwisha kulipa."

Wazee wetu walipotaja gaidi walimkusudia mnyang'anyi wa njiani. Wanazuoni wa fiqhi nao wana mlango wa wakata njia, na adhabu zake ni nzito, kwa sababu mtu huyo haibi mali ya mmoja tu, bali huwaibia utulivu wote wapitao. Tazama dua ya Nabii Ibrahim (A.S.) katika Suratul Baqara: aliuombea mji wa Makka amani, ndipo akawaombea watu wake matunda. Na katika Suratu Quraysh, Mwenyezi Mungu anawakumbusha wafanyabiashara wale neema mbili pamoja, kushibishwa baada ya njaa na kusalimishwa na khofu. Basi amani na riziki ni pacha. Mwenye kumpiga mmoja amemjeruhi wa pili.

Kwanza tujihesabu wenyewe. Tarehe 7 Agosti 1998, siku ya Ijumaa, balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zilipigwa mabomu. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, na Wamarekani katika hao ni 12 tu. Dar es Salaam hakufa Mmarekani hata mmoja. Na mmoja katika waliohukumiwa New York mwaka 2001 kwa kosa hilo alikuwa kijana wa Zanzibar. Tarehe 28 Novemba 2002, ndani ya Ramadhani, hoteli ya Kikambala ililipuliwa. Wakafa Waisraeli 3 na Wakenya 10, wakiwamo wacheza ngoma waliokuwa wakiwapokea wageni. Wangapi katika sisi tulipanda mimbari Ijumaa iliyofuata tukasema wazi kwamba haya ni mauaji? Wengi tulianza na dhulma ya Palestina tukaishia hapo hapo. Dhulma hiyo ni kweli, lakini mchuuzi wa Nairobi hakuwa mdaiwa wake. Mtume (S.A.W.) alituamuru kumsaidia ndugu yetu akidhulumu au akidhulumiwa, na akaeleza kwamba mwenye kudhulumu husaidiwa kwa kumshika mkono. Mkono huo hatukuushika.

Tukikiri hayo, tuna haki ya kuwakosoa wenye madaraka. Mei 2003 Uingereza ilizuia mashirika yake ya ndege kwenda Kenya kwa zaidi ya mwezi mmoja. Aliyepata khasara si aliyetega bomu, bali mpishi wa hoteli, mvuvi na mwuza vikoi. Mwaka huo huo Marekani ilitangaza dola milioni 100 za kupambana na ugaidi Afrika Mashariki. Fedha ya namna hiyo ina mashaka yake: anayeipokea huanza kumtazama jirani yake kwa macho ya aliyeitoa.

Mfano ni Kenya na Somalia. Mwaka 2004 serikali ya Wasomali iliundwa Nairobi baada ya mazungumzo marefu, na Kenya ndiyo iliyowapatanisha. Oktoba 2011, baada ya wageni kutekwa Lamu na Dadaab, majeshi ya Kenya yaliingia Somalia. Kujilinda ni haki ya kila nchi. Lakini mpatanishi alikuwa amekwisha kuwa mpiganaji, na vita vikamfuata nyumbani: Westgate mwaka 2013, watu 67, Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, watu 148. Baada ya Garissa serikali ilifunga makampuni 13 ya kupeleka fedha, ikayafungua baada ya miezi miwili. Katika miezi hiyo, mjane aliyengoja fedha ya mwanawe aliadhibiwa kwa kosa la nani?

Nasi Tanzania hatari tunayo. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Msumbiji walikishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, na mwaka 2021 askari wetu walikwenda Msumbiji pamoja na wenzao wa SADC. Lakini Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 ilikaa pia juu ya vichwa vya masheikhe wa Uamsho wa Zanzibar, waliowekwa rumande miaka mingi, na mwaka 2021 mashtaka yakafutwa. Mashtaka hufutwa kwa siku moja. Miaka haifutwi, wala watoto waliokua bila baba hawarudi utotoni.

Wasukuma wana somo katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wezi wa mifugo walipozidi, vijiji viliunda sungusungu. Ng'ombe walirudishwa, watu wakalala. Lakini mahali pengine dhana ikaingia: watu wakapigwa bila ushahidi, na vikongwe wakafukuzwa kwa kudhaniwa wachawi. Ulinzi ule ule uliorudisha ng'ombe ulimtoa bibi katika nyumba yake. Ndiyo maana Suratul Hujurat inatuamuru kuhakikisha khabari kabla hatujawadhuru watu tukajuta, na kujiepusha na dhana nyingi. Amri hiyo ni ya mtu, ya kijiji na ya dola.

Basi nasema hivi. Serikali ikamate kwa ushahidi, ihukumu upesi, wala isimwachie mgeni amchagulie adui. Masheikhe tuyaite mauaji mauaji, akiuawa Muislamu au asiyekuwa Muislamu. Na wewe baba, na wewe mama, mwulize mwanao anasoma kwa nani na nani anamlipia nauli. Mkata njia hufurahi kwa mambo mawili: sisi tukinyamaza, na dola ikiogopa hata ikawapiga wasio na hatia. Moja katika hayo mawili limo mikononi mwetu leo.

Mwenyezi Mungu azipe nchi zetu amani na riziki, wala asituondolee moja kwa sababu ya nyingine. Amin.