Damu kwa Njia ya Posta

"Kaka, damu imegoma."

Alikuwa ameegemeza simu kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, kidole cha pete amekiinua mbele ya kamera kama mtoto wa shule anayeomba ruhusa. Dada yangu huyu, binti wa shangazi, anaishi Leicester, Uingereza. Anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, na kwa miezi saba alikuwa akiamka amechoka kuliko alivyolala. Miadi ya daktari ilikuwa mbali, subira ikamwishia, akaagiza kiboksi cha kujipimia damu nyumbani. Mimi kazi yangu ni maabara, hapa Morogoro, kwa hiyo nikaingia jikoni kwake kwa video ili nimsimamie. Nieleze mambo yalivyokwenda, maana makosa mengi ya vipimo vya aina hii hutokea kabla damu haijaiona mashine.

Kiboksi chenyewe ni chembamba, kinapita kwenye tundu la barua mlangoni. Ndani mna lanseti tatu za kutobolea kidole, vitambaa vya spiriti, plasta, bahasha iliyokwisha kulipiwa, na vichupa viwili vidogo, kila kimoja kinabeba kama nusu mililita tu. Kimoja kina kifuniko cha zambarau. Humo mna EDTA, dawa inayozuia damu isigande, ili chembe zihesabiwe zikiwa nzima. Kingine kina kifuniko cha njano na jeli chini yake. Hicho damu huachwa igande, kisha mashine huizungusha kwa kasi hadi majimaji ya juu yajitenge, na humo ndimo hupimwa feritini, homoni za thairoidi na vitamini.

Mtu aliyezoea kutoa damu mshipani hapa hukosea utaratibu. Kwenye mshipa tunajaza njano kwanza na zambarau baadaye, kwa kuwa EDTA yetu ni chumvi ya potasiamu: ikichafua chupa ya njano, potasiamu inapanda na kalsiamu inashuka, na mgonjwa mzima anaonekana mahututi kwenye karatasi. Kwenye kidole ni kinyume chake. Damu ya kidole huanza kujigandisha tangu ngozi ilipochanika, hivyo zambarau hutangulia na kugeuzwageuzwa taratibu mara 10 hivi. Maelezo ya kiboksi yalisema hivyo kwa herufi ndogo. Dada alianza na njano kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono, nami nikachelewa kumwona.

Kuhusu damu kugoma, dawa yake ni ya nyumbani: beseni la maji ya moto dakika tano, kusimama wima, mkono ukining'inia, na kutoboa pembeni mwa ncha ya kidole badala ya katikati. Spiriti iachwe ikauke. Tone la kwanza lifutwe. Yeye alikikamua kidole kama ndimu. Ukikamua hivyo, majimaji yaliyo kati ya seli yanaingia kwenye damu na kuichujua, na chembe nyekundu nyingine zinapasuka na kumwaga yaliyomo ndani yake. Mashine haijui kwamba ulikuwa na haraka. Itasoma ilichopewa.

Hata bila kukamua, tone la kidole lina tabia zake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walipima matone yaliyofuatana kutoka kidole kimoja cha mtu mmoja, wakaona hemoglobini na hesabu za chembe zikitofautiana tone kwa tone. Ilibidi wachukue wastani wa matone sita hadi tisa ndipo majibu yatulie kama ya damu ya mshipani. Mwaka huohuo ndipo magazeti yalipoanza kuifichua Theranos, kampuni ya Elizabeth Holmes iliyoanzishwa mwaka 2003 kwa ahadi ya kupima karibu kila kitu kwa matone machache. Mwaka 2022 mahakama ilimtia hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji, akahukumiwa zaidi ya miaka 11 jela. Viboksi vya leo havidai makubwa kiasi hicho. Vinajaza kichupa kizima badala ya tone moja, na damu inakwenda kwenye mashine zilezile za maabara kubwa. Hilo ni jambo la heri, na wanaovidharau moja kwa moja hawavitendei haki.

Wala kusafirisha damu kwa posta si jambo jipya. Tangu miaka ya 1960, Robert Guthrie alipoonyesha kwamba tone la damu ya mtoto mchanga likikaushwa kwenye karatasi linaweza kupimwa mbali na hospitali alikozaliwa, damu imekuwa ikisafiri kwenye bahasha. Kina mama wengi wa kliniki zetu wanaijua karatasi hiyo: mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hutobolewa kisigino, matone yanakaushwa, karatasi inapelekwa maabara ya mbali. Lakini damu iliyokauka imetulia. Iliyo kwenye kichupa bado inabadilika ikiwa njiani.

Majibu ya kwanza yalikuja nusu nusu. Kichupa cha njano kilipimika. Cha zambarau kilikuwa kimeganda, kama nilivyohofia, na kampuni ikamtumia kingine. Safari hii alijaza vizuri kabisa, kisha akakitumbukiza kwenye sanduku la posta Ijumaa jioni. Kililala humo Jumamosi na Jumapili. Kiliposomwa Jumanne, ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu ulitoka 83, ambao ni wa kawaida, kwani mpaka wa chini ni 80. Wiki kadhaa baadaye alitolewa damu mshipani na kupimwa siku ileile: 78. Chembe nyekundu zikikaa siku nyingi kwenye EDTA bila baridi huvimba. Mtu asiye na shida anaweza kusomeka ana chembe kubwa na kuambiwa huenda amepungukiwa vitamini B12. Kwa dada yangu ilikuwa balaa ya kinyume: chembe zake zilizosinyaa kwa kukosa chuma zilivimba njiani zikaonekana nzima.

Majibu yalikuja kwenye programu ya simu, yamepakwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Alikuwa amelipia vipimo 20 na vinne vikawa vyekundu, akanipigia usiku wa manane kwa saa za huku.

Nilimweleza kwanza habari ya hesabu. Mipaka ya kawaida ya vipimo vingi hupangwa kwa kupima watu wazima wasio na ugonjwa na kuchukua asilimia 95 ya katikati. Maana yake mtu mmoja mzima kati ya 20 atatoka nje ya mpaka kwa kipimo chochote. Ukipima vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa mtu mwenye afya kupata angalau kimoja chekundu ni kama asilimia 64. Anayeuza kifurushi kikubwa anauza pia wekundu mwingi.

Halafu mipaka hiyo imepangwa kwa damu ya nani? Chekundu kimojawapo kilikuwa nyutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria. Zilikuwa chache, na programu ikamshauri aone daktari haraka. Watu wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara hawana alama ya damu iitwayo Duffy kwenye chembe nyekundu, jambo linalowakinga na malaria ya aina ya vivax. Watu hao nyutrofili zao huhesabika chache kwenye damu bila kuugua zaidi ya wengine. Sukari ya miezi mitatu, yaani wastani wake kwenye damu, nayo ina mtego wake. Anayebeba kinasaba kimoja cha selimundu inaweza kusomeka chini kidogo kuliko hali yake halisi, na upungufu wa chuma unaweza kuisukuma juu. Ya dada ilikuwa kijani, lakini nisingeapia kijani kile.

Chekundu cha pili kilikuwa vitamini D, na sikushangaa: mtu mweusi, Uingereza, analala mchana na kufanya kazi usiku. Ushauri wa afya wa huko ni kwamba wenye ngozi nyeusi wanywe mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima. Tukapita.

Cha tatu kilikuwa TSH, homoni inayoiamrisha tezi ya thairoidi. Ilisoma chini mno, kama ya mtu ambaye tezi yake inafanya kazi kupita kiasi. Mtu wa namna hiyo hukonda, moyo humwenda mbio, hutokwa jasho. Dada yangu ana mwili wake na analala amejifunika mablanketi mawili. Nikamwuliza, "Unakunywa vidonge gani?" Akasema hanywi dawa. Nikarudia, hata vya urembo? Akaenda chooni akarudi na kopo la vidonge vya nywele na kucha. Biotini, miligramu 10 kila asubuhi. Mashine nyingi za homoni hutumia biotini kama gundi ya kunasia kinachopimwa, kwa hiyo ikijaa kwenye damu inavuruga usomaji, na TSH hutoka chini kwa uongo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya jambo hili mwaka 2017. Aliacha vidonge siku kadhaa, akarudia kipimo, TSH ikawa ya kawaida.

Huku kwetu tusiwacheke wenye viboksi. Mtu akichoka wiki mbili anakwenda maabara ya mtaani, anapimwa Widal, anaambiwa ana taifodi, anaanza vidonge. Kipimo hicho ni cha mwaka 1896. Kinatafuta kinga za mwili, nazo hubaki muda mrefu baada ya ugonjwa kuisha. Nimeyaandika majibu hayo kwa mkono wangu miaka mingi, na wengi niliowaandikia, naamini, walikuwa wamechoka kwa mambo mengine.

Kilichobaki kilikuwa feritini: 9. Hii ni protini inayohifadhi madini ya chuma, na kwa mtu mzima asiye na maambukizi Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya mikrogramu 15 kwa lita kuwa akiba imekwisha. Uzuri wa feritini ni kwamba ikiwa chini haidanganyi. Ikiwa ya kawaida ndiyo ya kuitilia shaka, kwa sababu hupanda mwili ukiwa na homa au uvimbe, na ndiyo maana shirika hilohilo linasogeza mpaka hadi 70 kwa mtu mzima mwenye maambukizi. Angejipima akiwa na mafua makali, huenda angepata kijani.

Je, chuma kinaondoa uchovu? Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Ufaransa juu ya wanawake 198 waliolalamika uchovu, feritini yao chini ya 50 lakini damu haijapungua. Baada ya wiki 12, waliokunywa chuma uchovu wao ulipungua kwa karibu asilimia 48. Waliokunywa vidonge vitupu bila kujua, ulipungua kwa asilimia 29. Mimi husoma namba zote mbili. Chuma kinasaidia kweli, na sehemu kubwa ya nafuu huja yenyewe au kwa kule kuhudumiwa tu.

Dada alifurahi: ugonjwa umepatikana. Lakini kilichopatikana ni kwamba tangi limepungua maji, na bado hatujui panapovuja. Mwanamke wa miaka 36 anayekula nyama na mboga haishiwi chuma hivihivi. Swali la kuuliza nililijua. Sikuweza kuliuliza. Kaka hamwulizi dada yake siku zake zinakwendaje, hata kama kaka ni mtu wa maabara. Nikampa simu mke wangu, nikatoka nje kumwagilia mchicha.

"Wifi, kwani huwa siku ngapi?" nilimsikia akiuliza kabla sijafika mlangoni.

Siku nane. Mabonge. Taulo mbili kwa pamoja usiku, tangu mwaka uliotangulia, na alidhani ni umri. Kiboksi kilikuwa na fomu ya kurasa mbili, na jambo hili hakikuliuliza. Mke wangu akamwambia aende kwa daktari na maneno hayohayo, asitangulize programu ya simu. Miadi ilipofika, altrasaundi ilionyesha uvimbe kwenye kizazi, ule wa kawaida usio saratani, ambao wanawake weusi huupata zaidi na mapema kuliko weupe. Akapewa dawa ya kupunguza damu ya mwezi, na vidonge vya chuma.

Hivyo navyo alivinywa mwezi mzima kwa chai ya maziwa, asubuhi anaporudi kazini, na feritini ikapanda kutoka 9 hadi 12 tu. Majani ya chai yanakikamata chuma tumboni kabla mwili haujakichukua. Alihamishia vidonge kwenye juisi ya chungwa, chai akaisogeza saa mbili mbele, na kipimo cha baadaye kikawa 34. Anasema ngazi za kazini sasa anazipanda bila kusimama. Zamu za usiku bado anafanya, na uchovu wa zamu hautoki kwenye kichupa chochote.

Juzi alipiga tena. Shemeji naye analalamika amechoka, anasinzia hadi kwenye taa za barabarani, na kwenye kiboksi imebaki lanseti moja.

"Anakoroma?" nilimwuliza.

"Kaka, mpaka majirani wanagonga ukuta."

Nikamwambia lanseti aiweke. Shemeji akilala, amrekodi kwa simu nusu saa, asikilize kama kuna mahali pumzi inakatika, halafu anitumie.