Mto Gani?

Mashairi ya wanafunzi wa Jinja na Mbale juu ya mabadiliko ya tabianchi tumeyasoma kwa makini. Vina vimetimia, mizani haipungui; ila aghalabu ni amri tu za kupanda miti, na zingeweza kutungwa popote. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, likavuka kimo cha 1964. Mwishoni mwa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale, ikaua watu. Katika tungo hizo haitajwi. Wala haisikiki kadodi, ngoma ya imbalu inayowatoa vijana barabarani bila kuhimizwa na mwalimu yeyote. Anayezisahihisha asiishie kuhesabu silabi, aandike pambizoni: “Mto gani?”