Kiu ya Majira ya Baridi

Msomaji aliyezoea mianzi ya Iringa, ile inayogemwa ulanzi, huenda akashangaa kusikia kuna mwanzi unaoishia kwenye goti. Asili yake Japani, na siku hizi umepandwa katika bustani nyingi za Ulaya na Marekani. Ninaoupenda zaidi ni Pleioblastus viridistriatus: majani ya manjano yaliyochorwa mistari ya kijani, na kimo ambacho mara nyingi hakifiki hata mita 1. Kuuvusha mmea huu katika majira ya baridi ni kazi ya ustadi, nami nawastahi sana wanaoijua.

Kazi yenyewe huanza jua likiwa bado kali. Mwishoni mwa kiangazi mtunza bustani huacha kutia mbolea, kwa sababu chipukizi linalotoka wakati huo halitawahi kukomaa. Kisha, kabla ardhi haijaganda, huinywesha mianzi yake maji mengi, polepole, yazame hadi mizizini. Hapo ndipo ujuzi unapoonekana, maana adui mkubwa wa mwanzi huu ni kiu. Majani yake hubaki mabichi wakati miti mingine imeshapukutisha. Upepo mkavu na jua la Januari huyanyonya maji, na udongo uliokuwa jiwe kwa barafu hauwezi kuyarudisha. Likitazamwa kwa karibu, jani lenye kiu hujikunja kwa urefu, ukingo mmoja ukiufuata mwingine, mpaka likawa jembamba kama chelewa. Mwenye jicho zuri huliona hilo akiwa mlangoni, na siku ardhi ikilegea kidogo hutoka na ndoo ya maji.

Baada ya kunywesha huja matandazo, unene wa sentimita 10 au zaidi. Hata hapa kuna kuchagua. Majani ya mwaloni yanasifiwa kwa kuwa hukauka yakiwa yamekunjamana, yakaacha hewa katikati. Majani mapana na laini hulowa, yakalaliana na kushikamana kama karatasi. Kinacholindwa ni mashina yanayotambaa chini ya udongo, karibu sana na uso wa ardhi, yenye macho ya machipukizi ya mwaka unaofuata. Majani ya juu yakifa, si msiba. Mashina hayo yakifa, shamba zima limekwenda.

Misitu ya Japani inaonyesha njia mbili za kuvuka baridi: kufunikwa, na kujificha ardhini. Upande wa magharibi na huko Hokkaido, kunakoanguka theluji nyingi, mwanzi uitwao Sasa kurilensis huinama ukafunikwa kabisa, na ndani ya blanketi hilo jeupe baridi haishuki sana chini ya nyuzi 0 hata hewa ya nje ikiwa kali mno. Upande wa Pasifiki, kwenye theluji kidogo, mwanzi mwingine, Sasa nipponica, huweka macho yake ya kuchipua ardhini. Ndiyo maana mtunza bustani hodari haikung'uti theluji iliyolala juu ya mianzi mifupi. Huiacha, hata akaiongeza kwa koleo.

Mianzi ya kwenye vyungu ni mtihani mwingine, kwa kuwa baridi huipiga mizizi kutoka kila upande. Wengine hukifukia chungu ardhini mpaka ukingoni. Wengine hukizungushia magunia na kukiweka bandani pasipo na moto, wakikimwagia maji mara mojamoja. Sebule yenye joto haifai. Hewa yake kavu huyamaliza majani.

Kisha ni kusubiri, na hapa wengi hushindwa. Machi mianzi huonekana imekufa, rangi ya nyasi kavu, na mkono unawasha kutaka kung'oa. Mjuzi huchimbua kidogo kwa vidole, akakata kipande cha shina la ardhini: likiwa jeupe na gumu ndani, lingali hai, likiwa la kahawia na tepetepe, limeoza. Akiridhika, hutoa mkasi na kukata mabua yote karibu na ardhi kabla machipukizi hayajatokeza, maana akichelewa atazikata ncha changa pamoja na mabua ya zamani. Mabaki hayatupwi. Mianzi huhifadhi silika nyingi majanini, basi hukatwakatwa na kutandazwa palepale, yaoze na kuirudishia mizizi kilichotoka kwake.